Soko la bunduki Marekani: Je, huu ni wakati mwafaka wa kununua?

Katika maduka ya bunduki nchini Marekani kuna swali moja lisilozeeka. Mnunuzi huegemea kaunta, huitazama bastola iliyo chini ya kioo, kisha humuuliza muuzaji iwapo anunue leo au asubiri. Swali hilo lilisikika mwaka 2008, likarudi mwaka 2012, likageuka kelele mwaka 2020, na hadi sasa linaulizwa. Jibu la muuzaji hujulikana kabla hajafungua kinywa, kwa kuwa hakuna mchuuzi anayemwambia mteja arudi mwezi ujao. Hata hivyo, takwimu za takribani miaka ishirini zinatoa jibu tofauti na lile la kaunta, na sehemu ya jibu hilo inazihusu moja kwa moja familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia nchini humo.

Msomaji aliyezoea nchi ambako kibali cha polisi huitangulia silaha huenda akashangaa kuona bunduki ikijadiliwa kwa lugha ya bei na majira, kana kwamba ni gunia la mahindi. Lakini Marekani ndivyo ilivyo. Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao yake Geneva, ilikadiria kwamba kufikia mwishoni mwa mwaka 2017 raia wa Marekani walimiliki bunduki zipatazo milioni 393, yaani takribani bunduki 120 kwa kila watu 100. Kwa upande mwingine, utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2023 ulionesha kwamba ni asilimia 32 tu ya watu wazima waliosema wanamiliki bunduki wao wenyewe. Maana yake ni kwamba wengi wa wamiliki wana zaidi ya moja, na kwamba mtu anayeingia dukani mara nyingi hana dharura. Anaweza kuahirisha kwa miaka miwili, au kuharakisha na kununua leo jioni. Kinachoamua ni hali ya moyo wake, na moyo huo huyumbishwa na siasa.

Hofu na idadi ya wanunuzi

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni idadi ya ukaguzi wa rekodi unaofanywa na Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI. Sheria iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Ronald Reagan aliyejeruhiwa kwa risasi mwaka 1981, ilitiwa saini mwaka 1993, na mfumo wa ukaguzi wa papo hapo ukaanza Novemba 30, 1998. Kila muuzaji mwenye leseni analazimika kulipitisha jina la mteja katika mfumo huo. Idadi ya ukaguzi si idadi kamili ya bunduki zilizouzwa: mteja mmoja anaweza kununua bunduki mbili kwa ukaguzi mmoja, na yako majimbo, Kentucky likiwa mfano unaotajwa sana, ambayo huwakagua upya kila mwezi watu wenye vibali vya kubeba silaha. Hata hivyo, kupanda na kushuka kwa tarakimu hizo huonesha vizuri mapigo ya moyo wa soko.

Novemba 2008, mwezi aliochaguliwa Barack Obama, ukaguzi ulizidi milioni 1.5, ilhali Novemba ya mwaka uliotangulia ulikuwa takribani milioni 1.08. Desemba 14, 2012, mtu mwenye bunduki aliwaua watoto 20 na watu wazima sita katika Shule ya Msingi ya Sandy Hook, jimboni Connecticut. Mwezi huo pekee ukaguzi ulikaribia milioni 2.8. Wateja walipanga foleni wakiamini kwamba Washington ingepiga marufuku bunduki za aina ya AR-15, na wauzaji wakapandisha bei bila haya. Magazini ya risasi 30, ambayo wiki chache kabla ilinunuliwa kwa fedha kidogo, iliuzwa kwa mara kadhaa ya bei yake. Kisha Aprili 17, 2013, pendekezo la kupanua ukaguzi wa wanunuzi, ambalo lilikuwa hafifu kuliko marufuku iliyoogopwa, lilipata kura 54 katika Baraza la Seneti, sita pungufu ya zile 60 zilizohitajika. Marufuku haikuja. Waliokuwa wamelipa bei maradufu wakashuhudia bei zikirudi chini, na wengine wakajaribu kuuza mtumba kwa hasara.

Mwaka 2016 ulileta kinyume chake. Ukaguzi wa mwaka mzima ulifikia milioni 27.5, huku wengi wakitarajia ushindi wa Hillary Clinton. Aliposhinda Donald Trump, rafiki wa wamiliki wa bunduki, hisa za kampuni za Smith & Wesson na Sturm Ruger zilianguka siku iliyofuata. Ni nadra kupata biashara inayoumizwa na ushindi wa mgombea inayemuunga mkono, lakini mantiki yake ni nyepesi: hofu ilipokwisha, foleni nayo ilikwisha. Mwaka 2017 ukaguzi ulishuka hadi takribani milioni 25.2.

Janga la korona, maandamano yaliyofuata kifo cha George Floyd na uchaguzi wa Novemba vilikutana katika mwaka mmoja. Matokeo yake, mwaka 2020 ulikuwa na ukaguzi karibu milioni 39.7, rekodi ambayo haijavunjwa kwa hesabu ya mwaka, na Machi 2021 ikaweka rekodi ya mwezi kwa takribani milioni 4.7. Chama cha wafanyabiashara wa sekta hiyo, NSSF, ambacho huondoa ukaguzi usiohusu mauzo, kilikadiria milioni 21 kwa mwaka 2020 na milioni 15.2 kwa mwaka 2024. Kwa mtu anayetazama mfuko wake tu, hapa ndipo lilipo jibu la kwanza: bei nzuri hupatikana wakati hakuna anayeuliza swali hilo kwa wasiwasi, na wakati ambapo kila mtu analiuliza, mara nyingi bei imekwisha kupanda.

Risasi ni habari nyingine

Aliyenunua bastola wakati wa msisimko aligundua haraka kwamba silaha ni gharama ya mara moja, lakini risasi ni gharama ya kudumu. Risasi ndogo za .22, zinazotumiwa na wanafunzi wa shabaha na wawindaji wa sungura, ziliadimika kuanzia mwaka 2013 na uhaba huo ukaendelea kwa miaka kadhaa. Kabla ya korona, risasi moja ya milimita 9 ilipatikana kwa takribani senti 20 za dola; mwanzoni mwa mwaka 2021 ilivuka senti 60 katika maduka mengi, pale ilipopatikana. Baadaye ilishuka tena chini ya senti 30.

Viwanda havikuweza kuifuata hofu kwa kasi yake. Mtambo wa kutengeneza risasi hugharimu fedha nyingi na huchukua muda kuusimika, na mwenye kiwanda anajua kwamba msisimko utapita na mtambo utabaki. Wasiwasi huo una msingi. Remington, iliyoanzishwa mwaka 1816, iliomba kinga ya mufilisi Machi 2018, katika kipindi cha utulivu baada ya ushindi wa Trump, na ikaomba tena Julai 2020, wakati wateja walikuwa wakigombania bidhaa. Madeni yalikuwa yameielemea, pamoja na kesi iliyofunguliwa na familia za Sandy Hook, ambayo ilimalizwa Februari 2022 kwa makubaliano ya dola milioni 73 zilizolipwa na kampuni za bima. Colt nayo ilifilisika mwaka 2015, na mwaka 2021 ikanunuliwa na kampuni ya CZ ya Jamhuri ya Czech.

Pale ambapo walioharakisha walipata faida

Itakuwa si haki kusema kwamba kila aliyeharakisha alikosea. Sheria ya mwaka 1934 iliweka kodi ya dola 200 kwa bunduki za rashasha, bunduki zilizokatwa mitutu na viwambo vya kuzuia sauti. Wakati huo dola 200 ilikuwa fedha nyingi, na kwa kuwa kiwango hakikuongezwa kamwe, mfumuko wa bei uliila kodi hiyo kidogo kidogo. Kisha mwaka 1986 Bunge la Congress likafunga rejista: rashasha mpya zilizotengenezwa baada ya Mei 19 mwaka huo haziruhusiwi kumilikiwa na raia. Zilizokwisha kusajiliwa zikabaki halali, idadi yake haiongezeki, na leo moja huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa na kila anayetaka kumshawishi mwenzake kwamba bunduki ni akiba kama kiwanja.

Lakini hadithi hiyo ina ndugu yake asiyetajwa. Septemba 13, 1994, marufuku ya miaka kumi dhidi ya bunduki za nusu-otomatiki za mtindo wa kijeshi na magazini za zaidi ya risasi kumi ilianza kutumika. Kabla ya hapo bei zilipanda kwa takribani nusu, viwanda vikatengeneza kwa wingi ili kuwahi tarehe, na kwa hiyo mwaka 1995 soko lilikuwa limejaa bidhaa za zamani zilizo halali. Bei zikarejea zilikokuwa. Marufuku yenyewe ilikwisha muda wake mwaka 2004 na haikuhuishwa. Tofauti kati ya visa hivi viwili ni kwamba sheria ya 1986 ilifunga rejista bila kikomo cha muda, ilhali ile ya 1994 ilijadiliwa hadharani muda wa kutosha kila mtu akajaza ghala.

Hali ya sasa: saa hazilingani

Leo hakuna jibu moja la kitaifa. Rais Trump alirejea madarakani Januari 2025, na hofu ya marufuku kutoka Washington imetulia. Sheria aliyoitia saini Julai 4, 2025 ilifuta ile kodi ya dola 200 kwa viwambo vya sauti na bunduki za mtutu mfupi kuanzia Januari 1, 2026, ingawa usajili wake umebaki na kodi bado inatozwa kwa rashasha. Kwa bidhaa hizo, aliyesubiri miezi sita aliokoa fedha, na huo ni mfano wa nadra wa subira iliyolipwa kwa kiasi kinachojulikana mapema.

Kwa upande mwingine, ushuru wa forodha ulioongezwa na serikali hiyohiyo mwaka 2025 uliwagusa wanunuzi wa silaha za nje. Bidhaa nyingi kutoka Brazil, nchi ya Taurus, mtengenezaji wa bastola za bei nafuu, zilitozwa hadi asilimia 50 kuanzia Agosti mwaka huo. Kampuni hiyo ina kiwanda pia jimboni Georgia, kwa hiyo athari haikuwa sawa kwa kila bastola.

Ni katika majimbo ndiko saa zinakokwenda kasi. California ilianza kutoza ushuru wake wa asilimia 11 Julai 1, 2024, juu ya ule wa serikali kuu wa asilimia 10 kwa bastola na 11 kwa bunduki ndefu na risasi, ambao tangu sheria ya mwaka 1937 hugharimia uhifadhi wa wanyamapori. Colorado ilifuata kwa asilimia 6.5 kuanzia Aprili 1, 2025, baada ya wapigakura wake kuidhinisha. Jimbo hilohilo liliweka Agosti 1, 2026 kuwa siku ambayo mnunuzi wa aina kadhaa za bunduki za nusu-otomatiki atahitaji kwanza mafunzo na idhini. Rhode Island ilipitisha mwaka 2025 sheria inayosimamisha uuzaji wa bunduki za mtindo wa kijeshi kuanzia Julai 1, 2026, na California ikachagua tarehe hiyohiyo kuzuia maduka kuuza bastola ambazo ni rahisi kugeuzwa kuwa rashasha, hatua iliyozilenga hasa Glock. Washington, lile jimbo la pwani ya magharibi, limesimamisha uuzaji wa bunduki za aina ya AR-15 tangu Aprili 2023, na kuanzia Mei 2027 linadai kibali cha kununua.

Mkazi wa Texas hahitaji kujua lolote kati ya hayo. Mkazi wa Denver au Los Angeles asiyejua anaweza kujikuta amechelewa, au amevunja sheria. Juu ya yote hayo kuna mahakama. Tangu Mahakama ya Juu ilipotamka mwaka 2008 kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani, na hasa tangu uamuzi wake wa mwaka 2022 ulioupanua msimamo huo, karibu kila sheria mpya ya jimbo hupelekwa kortini kabla wino haujakauka.

Kwa ndugu waliohamia huko

Katika mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi karibu 20,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote mwaka huo, kabla mpango huo haujasimamishwa Januari 2025. Kiswahili kinasikika leo Louisville, Dayton na Phoenix. Wengi wamepangishwa katika mitaa yenye uhalifu, na wazo la kununua bastola kwa ajili ya usalama wa nyumba haliko mbali nao.

Kwa sheria ya serikali kuu, mkimbizi aliyepokewa rasmi na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hawakatazwi kununua. Wanaokatazwa ni wasio na hadhi halali na, tangu mwaka 1998, walioingia kwa visa za muda kama za utalii, masomo au kazi, isipokuwa kwa masharti maalumu, kwa mfano kuwa na leseni halali ya kuwinda. Jina la asiye raia hupitishwa pia katika rekodi za uhamiaji. Ikiwa FBI haijajibu baada ya siku tatu za kazi, sheria ya serikali kuu humruhusu muuzaji kutoa silaha, lakini hamlazimishi, na yapo majimbo yanayodai asubiri zaidi.

Mtego mkubwa kwa watu wetu uko katika fomu nambari 4473, na unatokana na desturi njema. Swali lake moja huuliza iwapo anayejaza ndiye mnunuzi halisi. Katika jamii ambayo kijana anayejua Kiingereza huwashughulikia wazazi na wajomba kila jambo la ofisini, ni rahisi kijana huyo kuchukua fedha za mjomba, akajaza fomu kwa jina lake na kumpelekea bastola. Hilo ni kosa la jinai. Kesi ya Abramski, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2014, ilikuwa hivyohivyo: polisi wa zamani wa Virginia alimnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola ya Glock kwa hundi ya dola 400 ya mjomba huyo, ili wanufaike na punguzo la bei wanalopewa polisi. Wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki silaha. Majaji watano dhidi ya wanne walisema hatia yake inasimama. Tangu Juni 2022, sheria mpya inatoa kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayenunua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa. Kwa asiye raia kuna la ziada: kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kwa mwenye kadi ya ukaazi. Zawadi ya kweli, iliyonunuliwa kwa fedha za mtoaji na kupewa mtu asiyekatazwa, inaruhusiwa na sheria ya serikali kuu.

Siku za kwanza nyumbani

Limebaki swali ambalo kaunta haiulizi, nalo linahusu wakati kuliko bei yoyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao waliwafuatilia wakazi wazima milioni 26 wa California kati ya 2004 na 2016, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2020. Wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa karibu mara nane wa kufa kwa kujipiga risasi wakilinganishwa na wanaume wasio nayo. Kwa wanawake ulikuwa mara 35. Hatari ilikuwa juu zaidi mara tu baada ya ununuzi wa kwanza. Mwaka 2023, kati ya vifo takribani 46,700 vilivyosababishwa na bunduki nchini Marekani, zaidi ya 27,000 vilikuwa vya watu waliojiua. Mara nyingi mnunuzi humfikiria mgeni atakayevunja mlango usiku, na takwimu hizi zinawahusu walio ndani.

Wimbi la ununuzi lenyewe lina gharama. Wanauchumi wawili waliochunguza miezi iliyofuata Sandy Hook walikadiria, katika jarida la Science mwaka 2017, kwamba bunduki nyingi zilizoingia au kutolewa kabatini kwa ghafla zilisababisha vifo vya ajali vipatavyo 60 zaidi ya kawaida, 20 kati yake vikiwa vya watoto. Wengi wa wanunuzi hao, kama ilivyoelezwa, walikuwa wakikimbia marufuku ambayo haikuja.

Baadhi ya majimbo yameweka siku za kungoja kabla ya kukabidhiwa silaha: 14 Hawaii, kumi California, na tatu Colorado tangu Oktoba 2023. Kentucky hakuna hata moja. Mteja akipita ukaguzi huondoka na bastola saa hiyohiyo. Watafiti wa Stanford waliongeza hesabu moja ambayo watetezi wa siku za kungoja hawaitaji mara nyingi: zaidi ya nusu ya wamiliki wa bastola waliojiua kwa risasi walifanya hivyo baada ya mwaka mmoja au zaidi tangu wanunue. Kwa hiyo washauri wa afya nchini humo huwauliza wenye silaha kuhusu kufuli la bunduki, sanduku la chuma, risasi zinazohifadhiwa mahali pengine, na nani ndani ya nyumba anajua ufunguo ulipo.